Kilio Bila Matanga: Uhakiki wa Mchezo wa Kompyuta "Tales of Kenzera: Zau"

Mto Tana upitapo Nanighi, ambako kwa miaka mingi maji yake yalivutwa kwa mashine kwenda katika mashamba ya Bura, bado una safari ndefu mbele yake. Hupita Hola, hupita Garsen, kisha hugawanyika katika nchi ya mabwawa na mikoma kabla ya kuingia baharini karibu na Kipini. Katika sehemu hiyo ya mwisho, katika nchi ya Ozi, ndipo mapokeo yanapomweka Fumo Liyongo, na huko Kipini ndiko watu waonyeshako kaburi lake. Mambo ya Liyongo ni ya ajabu. Kimo chake hupita kimo cha binadamu, na mwili wake haudhuriwi na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba. Hata hivyo, ajabu hizo zote zina mahali pake na watu wake. Wanaotumwa kumwua ni Wasanye na Wadahalo, wawindaji ambao jamaa zao wangali wakiishi katika nchi hiyo. Mti ambao njama yao inaandaliwa juu yake ni mkoma, uotao hadi leo kandokando ya Tana. Na anapokufa hufia penye kisima ambacho wenyeji walikuwa wakiteka maji.

Makala haya hayamhusu Liyongo, ingawa itabidi kumrudia. Yanahusu kazi ya sanaa ya aina mpya, ambayo mtungaji wake ana asili ya Kenya, ambayo imeyatwaa mapokeo ya Kiafrika na kuyafanya ulimwengu wa njozi, na ambayo inaweza kusikilizwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Kazi hiyo ni mchezo wa kompyuta uitwao Tales of Kenzera: Zau, uliotungwa na studio ya Surgent ya Uingereza chini ya Abubakar Salim na kutolewa tarehe 23 Aprili 2024. Salim ni mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Wapenzi wa michezo hii walikwisha kumjua kwa sauti yake kama Bayek, shujaa wa Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017. Katika Zau yeye ndiye mtungaji, na ndiye sauti ya mhusika mkuu katika toleo la Kiingereza. Ameeleza hadharani kwamba aliitunga kazi hii kutokana na kifo cha baba yake.

Yamkini wako wasomi watakaouliza kama kitu kinachochezwa kwa vidole kinastahili nafasi katika jarida la lugha. Swali hilo si geni. Lilikwisha kuulizwa kuhusu ngano, vitendawili na nyimbo za ngoma, katika siku ambazo fasihi ilihesabiwa kuwa ni kile kilichochapwa tu. Waliojibu wakati ule walionyesha kwamba utanzu hupimwa kwa uhusiano wa fanani, hadhira na tukio la usimulizi, na kwa kipimo hicho mchezo wa kompyuta uko karibu zaidi na ngano kuliko riwaya ilivyo. Hadhira ya mchezo haikai kimya. Pasipo mkono wake, hadithi haisogei hata hatua moja.

Ipo jamii kubwa ya michezo ya namna hii ambayo wachezaji wake huishi kwa miezi katika nchi za kubuniwa. Mchezaji huvaa nafsi ya mhusika, huchagua njia, huingia vijijini, husema na watu, huahidi, husaliti, hununua na kuuza. Skyrim, iliyotoka Marekani mwaka 2011, na The Witcher 3, iliyotoka Poland mwaka 2015, ni mifano mashuhuri. Kuimaliza mmojawapo kwa ukamilifu huchukua saa mia moja na zaidi. Zau ni jamaa mdogo wa ukoo huo. Humalizika kwa muda wa saa nane au kumi, mhusika wake huonekana kwa ubavu akikimbia na kuruka kutoka jukwaa hadi jukwaa, na njia yake, ingawa hupinda na kujirudia, ni moja. Tamaa yake lakini ni ya wakubwa: kuumba nchi nzima yenye historia, mizimu na mila zake. Ni haki basi kuipima kwa tamaa hiyo.

Hadithi yenyewe imo ndani ya hadithi nyingine. Katika mji wa siku zijazo uitwao Amani, kijana Zuberi amefiwa na baba. Mama yake anampa kitabu ambacho marehemu alimwandikia. Zuberi anakifungua, na hapo mchezaji anaingia Kenzera, nchi ya zamani za kale, na kuwa Zau, mganga kijana ambaye naye amefiwa na baba. Zau anamwita Kalunga, mwenye mauti, na kumwekea shauri: nikuletee mizimu mitatu mikubwa iliyokataa kuja kwako, nawe unirudishie baba yangu. Kalunga anakubali, na wawili hao wanaongozana. Silaha za Zau ni vinyago viwili alivyorithi, kimoja cha jua na kimoja cha mwezi. Cha jua ni cha kupigana karibu, kwa moto; cha mwezi ni cha kupiga kwa mbali. Mchezaji hukivua kimoja na kuvaa kingine kwa mguso mmoja wa kidole, na wepesi huo ni raha kubwa ya mchezo huu. Anayecheza vizuri huonekana kama anacheza ngoma, na hapana shaka kwamba watungaji walikusudia hivyo.

Sifa ya kwanza ya kazi hii ni kwamba inakiheshimu kifo. Katika michezo mingi ya jamii hii kifo hakina uzito: maadui hufa kwa mamia, na shujaa mwenyewe hufa na kufufuka kila baada ya dakika chache. Zau nayo ina maadui wengi, na shujaa wake pia hufa na kurudi, lakini katikati ya vurugu hilo kimewekwa kifo kimoja ambacho hakiwezi kutenguliwa, na kila kitu hukizunguka hicho. Njiani mchezaji hukutana na mibuyu. Chini ya mbuyu Zau huketi na Kalunga na kuzungumza juu ya marehemu, juu ya hasira, juu ya hofu, na anapoinuka uhai wake umeongezeka. Hapa fani na maudhui vimeshikana. Kanuni ya mchezo, yaani kuongeza nguvu za mhusika, imefungwa na maana ya hadithi, yaani kwamba mfiwa hupata nguvu kwa kuketi na kumtaja aliyemfia. Tena mti uliochaguliwa ni ule hasa ambao mtu wa pwani angeuchagua. Lau mchezo mzima ungalitungwa kwa akili iliyotunga mibuyu hii, makala haya yangekuwa mafupi.

Sifa ya pili ni Kalunga mwenyewe. Ingekuwa rahisi kumfanya jitu la kutisha. Badala yake ni mzee mtulivu, mwenye subira, mwenye ucheshi kidogo, anayejua mwisho wa safari tangu mwanzo wake na ambaye halazimishi. Mkataba alioufunga na kijana ni mtego, lakini ni mtego wa mlezi. Jina Kalunga limechukuliwa kutoka mapokeo ya Kongo na Angola, ambako hutaja bahari, mpaka kati ya walio hai na waliokufa, na katika masimulizi ya Kimbundu mwenye ufalme wa wafu.

Ulinganisho na masimulizi hayo ya Kimbundu ni wa lazima, kwa sababu huonyesha kwa pamoja ubora na upungufu wa kazi hii. Katika mkusanyo wa ngano za Angola uliochapishwa na Heli Chatelain mwaka 1894 imo hadithi ya mfalme Kitamba kia Xiba, aliyefiwa na mkewe mkuu Muhongo. Mfalme akaamuru kwamba maadamu Muhongo hajarudi, mtu yeyote asifanye kazi wala asiseme. Nchi ikasimama. Wazee wakaketi wakashauriana, wakamwita mganga. Mganga akachimba kaburi, akashuka kwenda kwa wafu, akamkuta Muhongo, naye akamwambia kwamba afikaye huko harudi. Akampa kikuku chake kiwe ushahidi, na akamwonyesha kwamba mfalme mwenyewe amekwisha kufungwa huko na siku zake zimehesabiwa. Mganga alirudi, wazee wakakiona kikuku, wakaridhika, na watu wakarudi makondeni. Mfalme hakuambiwa yale yaliyomhusu.

Kiini ni kile kile cha Zau. Mganga anateremka, anajaribu kumrudisha aliyekufa, anarudi na ujuzi badala ya mtu. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Katika ngano ya Kimbundu, kilio cha mtu mmoja kimeizuia nchi nzima isipumue. Anayetumwa anatumwa na jamii, na arudipo hurudi kwa jamii na kitu cha kuonyesha. Uzito wa hadithi uko katika swali la kijamii kabisa: je, mwenye mamlaka ana haki ya kuwafanya wengine wote waishi ndani ya msiba wake? Katika Zau swali hilo halipo. Kijana analia peke yake, anafunga mkataba peke yake, anasafiri na mauti tu. Wanakijiji anaokutana nao ni wachache, na kila mmoja yupo kwa ajili ya somo fulani ambalo Zau anahitaji kujifunza. Baada ya somo, kazi yao imekwisha.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hapa pana pengo lisiloweza kupuuzwa, nalo ni matanga. Mchezo ulitolewa wakati mvua za masika zilipokuwa zimeufurisha Mto Tana na watu wengi wa kaunti hiyo wakihama makwao. Hata katika hali kama hiyo, ya maji mlangoni, maiti huoshwa, kaburi huchimbwa na wengi, na mfiwa haachwi alale peke yake. Matanga ni kazi. Kuna wanaopika, wanaoteka maji, wanaopokea wageni, wanaosimamia michango, wanaogombana juu ya mirathi kwa sauti ya chini. Mtu mwenye majonzi huzungukwa na shughuli ambayo si yake na ambayo humzuia asizame. Kinachoonyeshwa na Zau ni kilio cha mtu wa mji mkubwa wa Ulaya, ambaye baada ya maziko hurudi chumbani na kufunga mlango. Ni kilio cha kweli, na hakuna anayepaswa kukibeza. Inaelekea ndicho ambacho maisha ya ughaibuni humpa mtoto wa mhamiaji. Kasoro ni kwamba kimevikwa vazi la nchi ya kale ya Kiafrika bila ya kuulizwa kama kingeweza kuota katika udongo huo.

Liyongo anarudi hapa. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, shujaa anapotiwa gerezani haokolewi na nguvu zake. Anaokolewa na mama yake, na mjakazi aitwaye Saada, na mkate wa wishwa ambao walinzi wanaudharau kwa kuwa wanapenda mkate mzuri, na tupa iliyofichwa ndani ya wishwa huo, na watu wa gungu wanaopiga vyombo kwa kishindo usiku ili mlio wa tupa kwenye pingu usisikike. Hesabu watu wanaohitajika ili jitu moja litoke katika minyororo. Na anapokufa, akipiga goti kisimani na upinde wake umevutwa, mji mzima hukaa na kiu, kwa kuwa hakuna anayethubutu kukaribia. Mama yake ndiye aendaye kumsihi, siku baada ya siku, hadi maiti inapoanguka. Kifo kimegusa maji ya watu. Ndivyo ajabu inavyoingia katika maisha.

Lipo jambo la pili, ambalo wanaisimu hawatachelewa kuliona. Kazi hii imetangazwa kuwa imetokana na mapokeo ya Kibantu. Neno hilo lenyewe lilitiwa katika isimu na Wilhelm Bleek katika karne ya 19 ili kuainisha lugha; halikuwa na maana ya dini moja wala ngano za namna moja. Lakini hata tukilikubali kwa ukarimu, majina ya mizimu mitatu mikubwa yanalikataa. Impundulu, ndege wa radi, ni wa Waxhosa na jirani zao. Jina lina kiambishi chake mbele na irabu yake mwisho, kama ipasavyo. GaGorib ni jina la Wakhoikhoi. Ile b ya mwisho ni alama ya jinsi ya kiume katika lugha yao, ambayo haina uhusiano wowote na Kibantu. Kikiyaon huhusishwa na mapokeo ya Afrika Magharibi, mbali kabisa na lugha za Kibantu. Kwa hiyo kati ya mizimu mitatu, mmoja tu ndiye Mbantu, na hakuna hata mmoja aliyetoka katika nchi ambayo Kiswahili kinasemwa. Nunda, mla watu wa ngano zilizokusanywa na Edward Steere na kuchapishwa mwaka 1870, hakuitwa, wala zimwi, wala kitunusi wa baharini.

Haifai kulifanya jambo hili kuwa kosa la ukoo wa lugha, kana kwamba mtungaji alikatazwa kuvuka mipaka. Utendi wa Liyongo wenyewe umevuka. Wadahalo wanaotumwa kumwua husema lugha ya Kikushi yenye vidoko ndani yake, na jirani zao wa Tana, Waorma, ni Wakushi pia. Mashairi ya Waswahili hayajawahi kuwa ya Wabantu watupu. Lakini Mdahalo wa utendi ni Mdahalo: ana kazi yake ya uwindaji, ana bei yake, ana desturi yake ya kula kikoa ambayo njama inajificha ndani yake. Ameingia katika hadithi pamoja na kwao. GaGorib wa Kenzera ameingia bila Mkhoikhoi hata mmoja. Katika masimulizi ya Wakhoikhoi yeye huketi kando ya shimo na kuwachokoza wapita njia wampige jiwe, na jiwe humrudia aliyelitupa, hadi Heitsi-Eibib anapomshinda kwa hila. Shimo, jiwe na hila ndivyo vinavyomfanya awe yeye. Katika mchezo amekuwa jitu kubwa la kupigana nalo mwishoni mwa eneo, na kilichobaki kwake ni jina.

Watu wa Tana wanajua kitu fulani juu ya majina na vyombo vinavyoondolewa mahali pao. Ngadji, ngoma takatifu ya wazee wa Kipokomo, ilichukuliwa wakati wa utawala wa Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, nayo imo katika hifadhi ya makumbusho mjini London. Wapokomo wameomba irudishwe. Na muziki wa wimbo wa taifa la Kenya wa mwaka 1963 ulitokana na bembelezi la Kipokomo, jambo ambalo Wakenya wengi huimba maisha yao yote bila kulijua. Mtungaji wa Zau si mporaji. Ni mrithi, na ana haki ya urithi. Ila mrithi ndiye hasa anayetarajiwa kujua kitu gani kilitoka kwa nani.

Kuhusu ufundi wa mapigano, machache yatatosha. Maadui ni wa aina chache na hurudi mara kwa mara. Chumba hufungwa, mawimbi mawili au matatu ya viumbe hutokea, chumba hufunguliwa. Mwanzoni hufurahisha, katikati huchosha. Kibaya zaidi ni kwamba mapigano hayo hayana uhusiano na maombolezo. Chini ya mbuyu Zau anajifunza kukubali. Dakika mbili baadaye anaangamiza viumbe ishirini ambao hakuna anayewalilia. Mtu anaweza kujibu kwamba hasira ni sehemu ya msiba, na ni kweli. Lakini hasira ya namna hiyo ingepaswa kuacha alama kwa mtendaji, na hapa haiachi. Sehemu bora kabisa za mchezo ni zile ambazo mhusika anakimbia tu, akifukuzwa na kitu ambacho hakiwezi kupigwa.

Suala la lugha linastahili muda mrefu zaidi. Si jambo dogo kwamba mchezo wa kiwango hiki, uliosambazwa na kampuni kubwa ya Electronic Arts, una sauti kamili za Kiswahili. Kwa miongo mingi Kiswahili kilisikika katika sanaa za aina hii kama pambo: neno moja katika wimbo, jina la mnyama katika filamu ya watoto. Hapa ni lugha ya kubishania mauti. Na katika mabishano hayo Kiswahili kinaongeza kitu ambacho Kiingereza, kilichoandikiwa mchezo kwanza, hakina. Zau ni kijana. Kalunga ni mzee wa wazee. Kijana anapompandishia sauti mzee kwa Kiingereza, husikika kama kijana mwenye uchungu. Anapofanya hivyo kwa Kiswahili, masikioni mwa msikilizaji aliyefunzwa kuamkia, ni uvunjaji wa adabu, na subira ya Kalunga inakuwa kubwa maradufu. Tukio ambalo katika lugha ya asili ni la huzuni tu linapata hatari. Yafaa watafiti wa tafsiri walichunguze kwa makini, tukio kwa tukio, kwa sababu ni mara chache tafsiri kuizidi asili.

Upande mwingine hauridhishi sana. Katika maelezo ya mchezo, kazi ya Zau huitwa nganga. Mzizi ni wetu sote, na umeenea katika lugha za Kibantu tangu kale. Lakini umbo hilo, bila m- ya ngeli ya kwanza, ni la Kikongo. Mswahili ana mganga, waganga, uganga na kuganga, ukoo mzima wa maneno ambao humwezesha kusema kwa pamzi moja kwamba mganga huganga. Kuchagua umbo la mbali kuliko lililo karibu ni dalili ya kazi nzima: sauti ni ya pwani, lakini istilahi imekusanywa kutoka popote pale ambapo ilionekana kuwa na mvuto. Tazama pia mgawanyo wa majina. Mji wa siku zijazo unaitwa Amani na kijana wake Zuberi, majina ya Kiswahili yenye asili ya Kiarabu. Nchi ya kale haina majina ya namna hiyo. Kana kwamba Uswahili ni jambo la wakati ujao tu, na ukale wa Kiafrika lazima utafutwe kwingine, mahali ambapo dhow haijafika. Historia ya Pate, Shanga na Ozi inasema vingine.

Haya yote yana uzito kwa sababu kazi nyingine inakusudiwa. Mwaka 2024 Surgent ilieleza kwamba inatafuta fedha za kutunga mchezo mpana zaidi wa uigizaji, ulioitwa kwa muda Project Uso, katika ulimwengu uleule wa Kenzera. Kama utakamilika, hautaweza kujificha nyuma ya ufupi. Katika safari ya saa nane mchezaji huvumilia nchi yenye watu wachache, kwa kuwa moyo wake uko kwa baba na mwana. Katika safari ya saa themanini atataka kujua nani analima, nani anamdai nani, msiba wa nyumba ya tatu ulikwishaje, na kwa nini mzimu huu uko katika mto huu na si ule. The Witcher 3 ilifaulu hapo. Mizimu yake, ambayo mingi ilitokana na ngano za Waslavi kupitia vitabu vya Andrzej Sapkowski, hukaa visimani na mashambani kwa sababu ya jambo ambalo wanakijiji fulani walitenda na wangependa lisahauliwe. Anayetaka kumwondoa mzimu lazima kwanza awasikilize wanakijiji, na aghalabu wanamdanganya.

Nchi ya Tana ingeweza kumpa mtungaji huyo mengi ya namna hiyo, iwapo angeitaka. Mto unaohama njia yake na kuacha kijiji bila maji ni mhusika tayari. Mkulima wa Kipokomo na mfugaji wa Kiorma wanaogombea ukingo uleule, waliouana mwaka 2012 katika Tarasaa na vijiji vya jirani na bado wakanunuliana maziwa na ndizi, ni mkasa ambao hakuna jitu la mwisho wa eneo litakaloumaliza. Hilo lingehitaji watungaji kukaa na wenyeji kwa muda, na wenyeji kuona kilichotoka. Toleo la Zau liliuzwa kwa dola 19.99 za Marekani, na halichezeki kwa simu. Mtu wa Nanighi anayetaka kuisikia lugha yake ikibishana na Kalunga atahitaji kwanza mashine yenye bei ya ng'ombe kadhaa.

Limebaki tukio la mwanzo kabisa, ambalo mchezaji mwenye haraka hulipita. Zuberi anaulizia baba yake. Mama anampa kitabu. Mwanamke huyo naye amefiwa. Alikihifadhi kitabu, alijua yaliyomo au hakujua, alichagua saa ya kukitoa. Katika utendi wa Kijumwa mama wa namna hiyo ndiye aliyekanda wishwa na kuficha tupa, na ndiye aliyekwenda kisimani wakati watu wote walipoogopa. Katika Zau mchezaji hupewa mikono ya mwana, miguu yake na vinyago vyake. Mikono ya mama hapewi hata mara moja.